Data za hali ya hewa zikikuzidi: namna ya kuzipima, kuzipakua, kuzipanga na kuzichakata

Halijoto ya saa kwa saa kutoka ERA5, kwa mwaka mmoja na dunia nzima, ni thamani zaidi ya bilioni 9. Ukitaka ramani ya wastani wa Januari, kompyuta inasoma saa 744 tu na kukujibu. Ukitaka mwenendo wa joto wa mwaka mzima katika nukta moja, kompyuta ileile na faili lilelile, utangoja karibu mara 12 zaidi kwa ajili ya namba 8,760. Faili limepangwa kwa kufuata ramani, nawe umeuliza kwa kufuata wakati. Karibu kila shauri lililomo humu linarudi hapo: jua utauliza nini, kisha panga data zikuelekee.

Mwongozo huu ni kwa mtafiti mwenye kompyuta ya kawaida au akaunti kwenye seva, anayejua Python kidogo na asiyeogopa mstari wa amri. Mifano mingi ni ya ERA5, uchanganuzi upya (historia ya hali ya hewa iliyojengwa kwa modeli na vipimo) wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu ndiyo watu wengi huanza nayo: hatua ya nyuzi 0.25, kila saa, kuanzia 1940. Kanuni zenyewe zinafaa pia kwa data za setilaiti na za modeli za tabianchi.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kubofya chochote

Ukubwa wa data za gridi ni kuzidisha tu: nukta × ngazi za wima × nyakati × baiti kwa kila thamani. Gridi ya ERA5 ina longitudo 1,440 na latitudo 721, yaani nukta 1,038,240. Kwa baiti 4 kila moja, ramani ya saa moja ni MB 4.15. Mwaka wenye saa 8,760 unafika GB 36.4, na miaka 30 inavuka TB 1. Hicho ni kipengele kimoja, juu ya uso wa nchi tu. Ukitaka kipengele hichohicho katika ngazi zote 37 za kanieneo, mwaka mmoja pekee unadai TB 1.35.

Sasa kata eneo. Mraba wa nyuzi 20 kwa 20 una nukta 81 × 81, yaani 6,561. Miaka 30 ya saa kwa saa inashuka hadi GB 6.9, ambayo inaingia kwenye diski ya kubebea na nafasi inabaki. Mara nyingi mradi "mkubwa" huwa ni huu wa GB 7 uliovaa koti la TB 1, kwa kuwa mtu alipakua dunia nzima akisema atakata baadaye.

Hesabu uliyopata izidishe kwa 3. Utakuwa na data mbichi, data zilizochakatwa, na mafaili ya muda yanayozaliwa katikati ya kazi. Diski ikijaa saa nane za usiku wakati skripti inaandika, faili la mwisho hubaki nusu, na si kila programu itakuambia.

Pima na mtandao pia. TB 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku 9 na zaidi, bila mkatiko hata mmoja. Kwa megabiti 100 ni saa 22. Ukiona jibu ni siku nyingi, fikiria kuchakata kulekule data ziliko na kushusha matokeo peke yake.

Hatua ya 2: Pakua kwa mafungu

Omba eneo lako pamoja na ukingo wa nyuzi 1 au 2 kila upande. Baadaye ukibadilisha gridi, nukta za mpakani huhitaji majirani. Bila ukingo huo utapata mstari wa thamani tupu kuzunguka ramani.

Gawa maombi kwa mwezi. Ombi la miaka 30 kwa mkupuo hukaa foleni muda mrefu, na likikatika unarudi mwanzo. Ombi la mwezi mmoja likishindwa, unapoteza mwezi mmoja. Skripti iwe na tabia hizi: itazame kama faili lipo tayari kabla ya kuomba, ipakue kwa jina la muda, mfano `.sehemu`, na kulipa jina halisi likishakamilika. Ikishindwa isubiri dakika kadhaa na kujaribu tena, mara 5 zikitosha. Na iandike kila tukio kwenye faili la kumbukumbu. Ile ya jina la muda huonekana ndogo, lakini ndiyo inayokuhakikishia kwamba kila faili lenye jina kamili ni faili zima.

Kwa seva zinazotoa viungo vya kawaida, `wget -c` huendeleza upakuaji pale ulipokatikia. Kazi ndefu iendeshe kwenye seva, ndani ya `tmux` (programu inayoiacha kazi iendelee hata ukiondoka), la sivyo siku utakapofunga kompyuta ya mapajani upakuaji nao unafungwa.

Majina ya mafaili yafuate mpangilio mmoja, tarehe zikianza na mwaka: `era5_t2m_saa_1991-01.nc` (`t2m` ni halijoto ya hewa mita 2 juu ya ardhi, `.nc` ni faili la muundo wa NetCDF). Yakipangwa kialfabeti yanakuwa yamepangwa kiwakati, na programu za kuunganisha hutegemea hilo. Epuka nafasi ndani ya majina.

Miezi ya karibuni ina mtego wake. ERA5 hutolewa kwanza kama toleo la awali, siku 5 hivi nyuma ya leo, kisha toleo kamili hufuata baada ya miezi 2 au 3. Ukiomba kipindi kinachogusa yote mawili, kuna uwezekano wa kupata data zenye alama ya ziada iitwayo `expver`, thamani 1 kwa toleo kamili na 5 kwa la awali. Usiyachanganye kimyakimya. Kwa utafiti wa muda mrefu, ishia mwezi wa mwisho wenye toleo kamili.

Hatua ya 3: Kagua, weka alama, funga mlango

Faili likishaingia, kagua mambo matatu kabla ya kulisogeza. Kwanza ukubwa: mafaili ya miezi yenye siku sawa hayapaswi kutofautiana sana, na faili la KB 3 kwa kawaida ni ujumbe wa kosa uliohifadhiwa kwa jina la data. Pili idadi ya nyakati: `cdo ntime faili.nc` (CDO ni programu ya mstari wa amri ya kuchakata data za gridi) itoe 744 kwa mwezi wa siku 31, 720 kwa wa siku 30, na 672 au 696 kwa Februari. Tatu kiwango cha chini na cha juu, kwa `cdo infon`. Halijoto ya hewa karibu na ardhi ikitoka nje ya kelvini 180 hadi 335, simama hapo.

Kisha tengeneza alama za ukaguzi, zitakazokuonyesha baadaye kama faili limebadilika:

```
sha256sum *.nc > alama.txt
chmod a-w *.nc
```

Amri ya pili inaondoa ruhusa ya kuandika. Data mbichi haziguswi tena, hata kwa "marekebisho madogo". Kila badiliko lifanywe na skripti inayosoma folda moja na kuandika folda nyingine. Folda tatu zinatosha watu wengi: `mbichi`, `kati`, `tayari`. Katika `mbichi` weka faili la maandishi lenye tarehe ya kupakua, jina kamili na toleo la seti ya data, na nakala ya ombi lenyewe neno kwa neno. Mwaka mmoja baadaye mhakiki akiuliza ulitumia toleo gani, hutakuwa na haja ya kupekua kumbukumbu za kivinjari.

Hatua ya 4: Soma namba kabla ya kuziamini

Makosa ya hatua hii hayasimamishi programu. Ramani inatoka, rangi zinapendeza, na jibu ni la uongo. Kwa hiyo hapa ndipo pa kukaa.

*Vizio.* ERA5 hutoa mvua kwa mita, joto kwa kelvini, na jeopotenshali (kipimo cha kimo cha ngazi ya kanieneo) kwa m²/s². Ili kupata kimo chake igawe kwa 9.80665. IMERG, data za mvua za setilaiti, hutoa mvua kama kiwango cha milimita kwa saa ilhali hatua yake ni nusu saa. Anayejumlisha moja kwa moja hupata mvua maradufu. GHCN-Daily, hazina ya vituo vya dunia, huandika mvua kwa sehemu za kumi za milimita na joto kwa sehemu za kumi za selsiasi: 253 ni 25.3.

*Mvua ni ya saa ipi.* Katika ERA5 ya saa kwa saa, mvua yenye alama ya 00:00 ni ile iliyonyesha kati ya 23:00 na 00:00, kwa hiyo ni mali ya jana. Kabla ya kujumlisha kwa siku, rudisha saa nyuma:

```
cdo -b F32 daysum -shifttime,-1hour mvua.nc mvua_siku.nc
```

Ukiendesha amri hii kwa kila faili la mwezi peke yake, siku ya mwisho ya mwezi itakosa saa moja, na saa hiyo itajitokeza katika faili linalofuata kama "siku" yenye rekodi moja. Unganisha miezi kwanza, ndipo ujumlishe. ERA5-Land, ndugu ya ERA5 ya nchi kavu pekee, ina desturi nyingine kabisa: mvua yake hujilimbikiza tangu 00:00 hadi mwisho wa siku, na jumla ya siku nzima inakaa kwenye 00:00 ya siku inayofuata. Hapo hakuna kujumlisha. Unachukua rekodi za saa 00 tu na kuzirudisha siku moja nyuma. Anayetumia fomula ya ERA5 kwa ERA5-Land hupata mafuriko ambayo hayakuwahi kutokea.

*Saa za nani.* Data za gridi karibu zote ziko kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Vituo hupima mvua ya saa 24 kwa saa maalumu ya asubuhi, si usiku wa manane. Ukilinganisha kituo na gridi bila kuoanisha mipaka ya siku, uhusiano unadhoofika na utailaumu modeli bure. Na daftari la mpimaji likisema "saa 3", uliza kwanza: ni saa 3 asubuhi ya Kiswahili, yaani 09:00, au ni 03:00 ya UTC? Kompyuta haijui kuhesabu saa kwa Kiswahili.

*Latitudo zinazoshuka.* ERA5 huanza na nyuzi 90 kaskazini na kushuka. Katika xarray, maktaba ya Python ya data za gridi, `sel(latitude=slice(-10, 10))` kwenye data kama hizo hurudisha seti tupu bila kulalamika. Andika `slice(10, -10)`. Longitudo nazo ama ni 0 hadi 360, ama −180 hadi 180. Chagua mtindo mmoja na ubadilishe kila seti inayoingia:

```
ds = ds.assign_coords(
    longitude=((ds.longitude + 180) % 360) - 180
).sortby("longitude")
```

Ukisahau `sortby`, ramani hukatika vipande viwili.

*Kalenda.* Modeli nyingine za tabianchi hazina Februari 29, na nyingine zina miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, Februari 30 ikiwemo. Usizilazimishe ziingie kwenye kalenda ya kawaida kwa kubuni siku. Linganisha kwa wastani wa mwezi, ambako tofauti hiyo inayeyuka.

*Thamani za pengo.* CHIRPS, data za mvua za hatua ya nyuzi 0.05 kuanzia 1981, huweka −9999 mahali pasipo na data. Programu isipotambua alama hiyo, wastani wa mvua utakuwa hasi, na hapo una bahati kwa sababu kosa linaonekana. Hatari zaidi ni pengo lililojazwa sifuri: linafanana na ukame.

*Kukokotoa kabla ya wastani.* Kasi ya upepo hutokana na u (sehemu ya upepo ya magharibi-mashariki) na v (ya kusini-kaskazini). Ukichukua wastani wa mwezi wa u na v kisha ukokotoe kasi, upepo uliovuma mashariki wiki mbili na magharibi wiki mbili unakuwa karibu sifuri. Kokotoa kasi kila saa, halafu chukua wastani. Vivyo hivyo kwa unyevuanga wa asilimia na kila kitu ambacho si cha mstari ulionyooka.

Wastani wa eneo unahitaji uzito, kwa sababu visanduku vya gridi hupungua upana kuelekea ncha za dunia. `cdo fldmean` huweka uzito wenyewe. `mean()` ya xarray haiweki, nawe inabidi utumie `weighted` na kosaini ya latitudo.

Hatua ya 5: Panga vipande kulingana na swali

NetCDF-4 na Zarr, miundo miwili ya mafaili ya data za gridi, huhifadhi data kwa vipande. Kompyuta ikitaka thamani moja iliyomo ndani ya kipande, husoma kipande kizima na kukifumua. Umbo la kipande ndilo linaloamua kasi, kuliko processor na kuliko diski. Lione kwa:

```
ncdump -hs faili.nc
```

Tafuta `_ChunkSizes`. Tuseme umekuta (1, 721, 1440), wakati ukiwa wa kwanza. Kila ramani ni kipande kimoja. Ramani unaipata papo hapo. Lakini mwaka wa nukta moja unadai vipande 8,760, yaani kusoma GB 36.4 ili kupata KB 35. Hiyo ndiyo siri ya ule mngojo wa mwanzo.

Geuza vipande viwe (720, 36, 36), MB 3.7 kila kimoja. Mwaka wa nukta moja sasa ni vipande 13, chini ya MB 50. Upande wa pili, ramani moja ya dunia inahitaji vipande 840, GB 3.1, kwa picha moja ya MB 4. Hakuna umbo linalopendelea wote. Ukiuliza pande zote mbili, umbo la kati kama (24, 181, 360) linavumilika: ramani ni vipande 16 na MB 100, mwaka wa nukta ni vipande 365 na GB 2.3.

Maoni yetu: diski ni rahisi kuliko subira. Eneo lako likiwa la GB 7, weka nakala mbili, moja ya ramani na moja ya mfuatano wa wakati, uache kupatanisha visivyopatana. Kwa TB kadhaa, chagua upande unaoulizwa zaidi.

Kupanga upya vipande:

```
nccopy -k nc4 -d 1 -s -c valid_time/720,latitude/36,longitude/36 ingizo.nc tokeo.nc
```

Jina la mhimili wa wakati liangalie mwenyewe. Kulingana na lini faili lilitolewa, litakuwa `time` au `valid_time`. Kazi hii hula kumbukumbu na muda, kwa hiyo fanya mwaka mmoja kwa wakati. Kwa seti inayozidi kumbukumbu ya kompyuta, maktaba ya `rechunker` hupitia faili la muda ili isijaze RAM.

Kuhusu muundo: GRIB, muundo unaotumiwa na vituo vya utabiri, ni mzuri kwa kusafirisha na kuhifadhi, lakini kupata mfuatano wa wakati kutoka humo ni kazi ya kuchosha. NetCDF-4 ndiyo ya kutumia ukiwa na diski ya kawaida na wenzako wanaotumia programu tofauti. Zarr inashinda kwenye hifadhi za mtandaoni, na pale michakato mingi inapoandika kwa pamoja. Ila kila kipande cha Zarr kwa kawaida ni faili. Umbo la (24, 181, 360) kwa miaka 30 linazaa mafaili zaidi ya 175,000 kwa kipengele kimoja, na seva nyingi zina kikomo cha idadi ya mafaili, mbali na kikomo cha GB. Angalia `df -i` kabla, si baada. Toleo la 3 la Zarr linaruhusu kufunga vipande vingi ndani ya faili moja.

NetCDF-3 iache, isipokuwa programu ya kizee inakulazimisha: haina vipande wala ubanaji.

Hatua ya 6: Bana, ila ujue unachobana

Ubanaji wa kawaida usiopoteza kitu, zlib ngazi ya 1 pamoja na uchanganyaji wa baiti, ndio wa kuanzia. Ngazi ya 9 huongeza muda wa kuandika sana na kupunguza ukubwa kidogo mno. Haina faida kwa data hizi.

Ubanaji unaofuata ni wa kukata tarakimu zisizo na maana. Namba ya biti 32 ina biti 23 za sehemu ya desimali, lakini hakuna kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinachopima sehemu ya elfu kumi ya kelvini. Biti za mwisho ni kelele, na kelele haibaniki. Ukibakiza biti 12, thamani mbili jirani za joto kati ya kelvini 256 na 512 zinatofautiana kwa 0.0625, na kosa la juu ni nusu ya hapo. Maktaba ya NetCDF kuanzia toleo la 4.9, programu za NCO za mstari wa amri, na kichujio cha `BitRound` kwa Zarr vyote hufanya kazi hii. Usitumie kwa jeopotenshali au kanieneo bila kufikiri: tofauti ndogo kati ya namba kubwa ndizo zinazobeba habari ya upepo. Usitumie pia kwa data mbichi. Ni za `kati` na `tayari` tu.

Kuna na mtindo wa kale wa kugeuza desimali kuwa namba nzima za biti 16, pamoja na `scale_factor` na `add_offset`. Mafaili ya zamani ya ERA5 katika NetCDF yalitolewa hivyo, na kila faili lilikuwa na vigawo vyake. Hapa wengi wamejikwaa:

- `ncrcat` ya NCO huunganisha namba nzima bila kuzifumua. Faili la pili linasomwa kwa vigawo vya la kwanza. Fumua kwanza kwa `ncpdq -U`.
- xarray hufumua vizuri wakati wa kusoma, lakini hukumbuka vigawo vya faili la kwanza na kuvitumia wakati wa kuandika. Thamani zilizo nje ya uwezo wa vigawo hivyo hugeuka ghafla kuwa za upande wa pili. Futa `encoding` ya kila kipengele kabla ya `to_netcdf`.
- CDO nayo ipe `-b F32`, iandike desimali.

Dalili ya ugonjwa huu ni mchoro wa joto unaoruka nyuzi makumi tarehe 1 ya mwezi fulani, kisha kutulia hadi mwezi mwingine. Mvua nayo, baada ya kufumuliwa, huonyesha thamani hasi ndogo mno au chanya ndogo mno mahali pasipo na mvua. Kwa hiyo siku ya mvua usiihesabu kwa "zaidi ya sifuri". Weka kizingiti, milimita 1 ndicho kinachotumika sana.

Kumbuka pia kwamba namba za biti 16 hufumuliwa mara nyingi kuwa za biti 64. Faili la GB 18 linadai GB 73 za kumbukumbu. Geuza kwa `.astype("float32")` mapema.

Hatua ya 7: Chakata bila kupakia kila kitu

CDO husoma rekodi moja moja, na ndiyo maana kompyuta ya GB 8 inaweza kupitia faili la GB 200. Funga amri katika mnyororo badala ya kuandika faili la muda kila hatua, ukikumbuka kwamba mnyororo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kukata eneo kukae kulia kabisa, ili kila hatua inayofuata ibebe mzigo mdogo. Programu ikianguka katikati ya mnyororo wa NetCDF-4, ongeza `-L`.

Python na Dask, maktaba inayogawa kazi kubwa vipande vipande, zinafaa kazi inapokuwa ngumu kuliko CDO inavyoweza. Kipande cha Dask kiwe MB 100 hivi, na kiwe zidisho la kipande cha kwenye diski. Ukiomba vipande vya Dask visivyolingana na vya diski, kipande kimoja cha diski kitafumuliwa mara kadhaa. Vipande vidogo mno huzaa kazi mamia ya maelfu, na msimamizi wa kazi hutumia muda mwingi kupanga kuliko kukokotoa. RAM ikipanda bila kushuka, kawaida kuna `.values` au `.load()` iliyojificha juu ya skripti, au operesheni inayopanga upya vipande, kama vile `groupby` ya siku ya mwaka. Andika matokeo ya kati kwenye diski, soma upya, endelea.

Jaribu skripti nzima kwa mwezi mmoja kwanza. Pima dakika, zidisha kwa 360, ndipo uamue.

Ukibadilisha gridi: joto na kanieneo kwa `remapbil`, mvua kwa `remapcon` ili jumla ya maji ibaki ileile, na aina za ardhi au ramani za makundi kwa `remapnn`. Wastani wa "msitu" na "ziwa" hauna maana. Na kushusha gridi ya nyuzi 0.25 hadi 0.05 hakuongezi habari. Kunaongeza nukta mara 25.

Hatua ya 8: Vituo viwekwe kivyake

Data za vituo si nyingi kwa GB, zina fujo tu. Usizilazimishe kwenye gridi. Jedwali refu lenye kituo, wakati wa UTC, kipengele, thamani na alama ya ubora, likihifadhiwa kwa Parquet (muundo wa mafaili ya majedwali) na kugawanywa kwa mwaka, husomwa haraka kuliko CSV na hukumbuka aina ya kila safu. Alama za ubora usizifute; chuja wakati wa kusoma. Weka jedwali la pili la historia ya kituo: tarehe kilipohamishwa, kimo, kifaa kilichobadilishwa. Mruko wa nyuzi 1 siku kipimajoto kilipobadilishwa si mabadiliko ya tabianchi.

Hatua ya 9: Nakala rudufu na kufuta

Gawa kwa kigezo kimoja: inaweza kupatikana tena? Vipimo vya vituo ulivyoingiza kwa mkono kutoka kwenye madaftari havipatikani tena. Vipe nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, moja ikiwa jengo jingine. Skripti ziingie kwenye git, na git isiguse data. Matokeo ya mwisho yaliyochapishwa yapate nakala sawa na vipimo. ERA5 mbichi hupakuliwa tena, basi kinachohitaji ulinzi ni ombi na alama za ukaguzi, maana seti hizi husahihishwa na toleo la kesho huenda lisiwe la leo.

Seva nyingi hufuta zenyewe mafaili ya diski ya muda yasiyoguswa kwa siku kadhaa. Soma kanuni ya seva yako kabla ya kuweka chochote humo.

Kila miezi 3 chagua mafaili machache kutoka kwenye nakala, yarudishe kwenye folda tupu, na uendeshe `sha256sum -c alama.txt --ignore-missing`. Folda ya `kati` ifute wakati wowote nafasi inapobana, mradi umewahi kuizalisha upya walau mara moja kutoka `mbichi` kwa amri moja.